Mama Neema wa Kwenye Televisheni

Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa nimetoka stendi kumpokea mama mkwe. Alikuja kutoka Misungwi kumwona mtoto wetu wa pili, ana kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani na kuku mkononi. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa nguo wa mama mkwe begani. Njia ya kwetu Igogo inapita mbele ya ukumbi wa video nilikokuwa nikifanya kazi ya kutafsiri picha za Kiingereza. Nje ya ukumbi kuna spika imefungwa juu ya mti, ili anayepita asikie na avutike kuingia. Tulipofika usawa wa mlango, spika ikasema kwa sauti ya Deus, kijana aliyechukua kiti changu: "Mama Neema anauliza, hivi hili zee litarudi lini kwao Misungwi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama Neema ni mimi.

Mama mkwe alisimama. Hakuniangalia mimi, aliiangalia spika, kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemfahamu. Spika ikaendelea: "Kula anakula kama trekta, kuosha sahani hataki." Nikaweka mfuko chini, nikaingia.

Kwenye televisheni kulikuwa na mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za njano, yuko sebuleni kwake anamnyooshea mumewe kidole, na bibi mmoja mwenye kofia amesimama kwenye ngazi anasikiliza. Deus alikuwa kando ya televisheni na kipaza sauti mdomoni, amefumba macho kama mwanakwaya. Sikumgusa. Nilipita katikati ya mabenchi nikachomoa waya wa amplifaya ukutani. Kukawa kimya. Yule mwanamke akaendelea kufungua na kufunga mdomo bila sauti. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema, "Si huyu hapa mwenyewe!" Walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Nikajua siku ile kwamba hakuna kitu ninachoweza kufanya ndani ya ule ukumbi kisigeuzwe kichekesho, hata kulia.

Nilipotoka nje, mama mkwe hakuwepo. Mfuko wake nao haukuwepo.

Naandika haya kwa ajili yako wewe binti au kijana utakayekalia kiti cha mtafsiri wa video, Mwanza au kwingine, maana mimi nimestaafu. Wengine watalicheka neno hilo, kwa kuwa sijafika miaka thelathini na hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kunisomea risala. Lakini kazi niliianza, nikaijua, nikaifundisha, na sasa imekwisha. Kama hiyo si kustaafu, sijui nyie mnaiitaje.

Niliingia kazini baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo hayakunifikisha kidato cha tano, na baba yangu alikuwa amepunguzwa kazini kwenye shirika la umma lililokuwa linauzwa vipande vipande. Nyumbani tulikuwa wengi na kilichokuwa kinaingia kilikuwa kidogo. Mwenye ukumbi, ambaye sote tulimwita tajiri, alikuwa anatafuta mtu anayejua Kiingereza. Mtafsiri wake wa siku zote, Mzee Magesa, alikuwa anafanya picha za vita na za ngumi tu. Mwenyewe alinieleza siku ya kwanza: "Picha za ngumi hazihitaji Kiingereza, binti yangu. Zinahitaji koo."

Mzee Magesa alitokea upande wa Mara, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuchoka kungoja mshahara. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinifundisha kukaa kando ya televisheni, kamwe si mbele yake, maana watu walikuja kumwangalia Mzungu, si mimi. Alinifundisha kufunga leso kwenye kipaza sauti ili pumzi isipige upepo. Alinikataza soda kabla ya picha kwa sababu ya mbeuo, akaniagiza uji mwepesi. Alinionyesha namna ya kusafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kanda isije ikaliwa. Mji huu umezungukwa na pamba pande zote, lakini kumbi nyingine walikuwa wanasafisha kwa kipande cha fulana, halafu wanashangaa picha inanyesha mvua.

La muhimu kuliko yote, alinifundisha kuiangalia kanda asubuhi peke yangu, sauti ikiwa chini, kabla ya watu. "Usimtafsiri mtu ambaye hujakaa naye," alisema. Na siku za mgao wa umeme, jenereta inapounguruma kama ng'ombe anayejifungua, alinifundisha kusema kwa vituo, maneno machache, yenye uzito. Mpaka leo nikikasirika nazungumza hivyo. Mume wangu anasema nagombana kama jenereta inawaka.

Kisha madishi yakaanza kuota juu ya mabati. Tajiri alikuwa na ndugu yake Dar es Salaam aliyekuwa anarekodi vipindi kutoka kwenye dishi na kututumia kanda kwa basi. Vingi vilikuwa vichekesho vya familia. Tajiri alivipenda kwa sababu alitaka ukumbi ujae mchana pia, ujae akina mama na watoto, si wavulana wa jioni peke yao. Hivyo nikapewa mchana wangu.

Vichekesho hivyo vyote ni nyumba moja. Ni nyumba ya nje ya mji, ina majani yaliyokatwa vizuri mbele na hakuna mbuzi anayeyala. Ina ngazi, ina sofa, ina banda la gari. Baba ni mjinga. Anarudi kazini, anakaa, anasema upuuzi. Mama amechoka, anachoma chakula, anapiga kelele. Watoto wana akili kuliko wote na wanawajibu wazazi wanavyotaka. Kila wakimaliza kujibu, watu wasioonekana wanacheka.

Kicheko hicho kilitupa shida siku ya kwanza kabisa. Mama mmoja muuza mapanki, mabaki ya samaki ya kiwandani, aliuliza kwa sauti kubwa, "Sasa hao wanaocheka wako wapi? Wako ndani ya nyumba ya watu?" Mzee Magesa, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti akasema, "Hao ni majirani. Wako dirishani." Ukumbi ukaelewa. Ndiyo, majirani wangekuwa dirishani. Familia ya watu inaharibika, wao wanakwenda wapi?

Lakini siku hiyohiyo nilishindwa. Mtoto wa kwenye picha, kijana wa miaka kama kumi, alimwambia baba yake kuwa ni mpumbavu na afunge mdomo. Nikatafsiri kama yalivyo. Hakuna aliyecheka isipokuwa wale wa dirishani. Muuza mapanki akasimama, akawashika wanawe mikono. "Twendeni. Haya si ya kuangalia." Wakamfuata wengine. Tajiri akanifokea.

Watu walipokwisha kutoka, Mzee Magesa aliniuliza yule mtoto anaitwa nani. Nikamtajia jina la Kizungu lililokuwa kwenye picha.

"Sijakuuliza hilo. Kapewa jina la nani?"

"Sijui, mwalimu. Hawasemi."

"Mpe jina la babu yake. Baba mzaa baba."

Nikaelewa, na wewe kama umekulia huku utaelewa. Mtoto aliyepewa jina la babu, baba yake mwenyewe humwita baba. Akimgombeza baba yake, ni babu amesema, na babu ana haki. Ni utani, na utani una njia yake. Kesho yake nilianza picha kwa kueleza kwamba mtoto huyu amebeba jina la mzee aliyefariki, mkali, asiyependa uzembe. Alipomwambia baba yake afunge mdomo, nikasema, "Mzee amerudi, anamwambia mwanawe anyamaze." Walicheka mpaka machozi, na hakuna baba aliyevunjiwa heshima. Muuza mapanki alikuwa benchi la mbele.

Siku nyingine wazazi wa kwenye picha walivaa wakatoka kwenda kwenye sherehe usiku, wakaacha watoto peke yao ndani. Mama mmoja akapiga ukelele, "Nani yuko na watoto?" Kwenye picha hakukuwa na mtu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shangazi yao yuko jikoni." Ukumbi ukashusha pumzi.

Tangu siku hiyo shangazi akaishi. Alikuwa jikoni, alikuwa uani, alikuwa amekwenda kanisani anarudi sasa hivi. Hakuna aliyewahi kumwona, na wote walimjua. Mtoto akifanya ufedhuli mkubwa, nilisema shangazi amesikia. Picha ikiisha ghafla kama zinavyoisha, wote wanakumbatiana bila kuombana radhi, mimi niliongeza maneno mawili juu ya muziki wa mwisho: jioni ile shangazi aliwaita wote, baba na mama na watoto, akawasema. Akina mama walinisimamisha sokoni wakiniuliza kama shangazi ameolewa, na kwa nini hawamwonyeshi. Mzee Magesa alisema, "Sasa umekuwa mtafsiri."

Nisikudanganye lakini. Asubuhi, nikiangalia kanda peke yangu, nilikuwa sicheki. Niliona nyumba ambamo hakuna anayeonywa. Hakuna kikao, hakuna mtu wa kuitwa. Baba anakosea wiki hii, na wiki ijayo anakosea vilevile, kwa sababu akijirekebisha kipindi kimekwisha. Watu wanalipwa wasipone. Na nikitoka nje pale Igogo nilikuwa naona yaleyale bila sofa. Akina baba waliopunguzwa kazini wamekaa barazani toka asubuhi, wanasema upuuzi kwa sababu hakuna anayetaka jingine kutoka kwao. Akina mama wako kwenye mapanki na vitumbua mpaka giza. Watoto wako kwetu ukumbini. Shangazi wa kweli alikuwa ameshaacha kuja siku nyingi, yuko kwenye biashara yake Geita au amebanwa kama sisi. Mimi nilikuwa naweka sauti ya mtu ambaye hata kwetu hakuwepo. Nilijua hivyo, na nikaendelea. Ungefanya nini?

Katika miaka hiyo niliolewa. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, mtu mpole, anarudi mikono inanuka samaki hata aioshe kwa limau. Kwao ni Misungwi. Ng'ombe walitoka kwao wakafika kwetu, kila kitu kikawa kwa utaratibu. Akazaliwa Neema, na kama mnavyojua, jina langu la shule likafa siku ile. Nikawa Mama Neema kwa kila mtu, mpaka kwa tajiri. Neema alilala kwenye kanga chini ya meza ya deki huku nikitafsiri.

Koo la Mzee Magesa liliharibika. Alianza kukohoa katikati ya vita, watu wakawa wanamcheka, na siku moja akafunga mkoba wake akarudi kwao. Kabla hajaondoka alinipa kanuni moja tu, nami nakupa wewe: jina la mtu wa mtaani usilitie kwenye kipaza sauti. Majina yote tuliyokuwa tunawapa watu wa kwenye picha yalikuwa ya mbali, majina ambayo hakuna aliyeitika pale ukumbini.

Nilipopata mimba ya pili, miguu ikavimba, tajiri akamleta Deus nimfundishe. Deus alimaliza kidato cha nne kama mimi, alikuwa na sauti nzuri, na alikuwa mwepesi. Nilimfundisha leso, uji, pamba. Nilimpa ile kanuni. Akasema, "Sawa, dada." Nikaenda kujifungua.

Nilisikia habari nikiwa bado nimelala kitandani. Siku ya kwanza Deus yuko peke yake, watu walimwuliza shangazi yuko wapi. Akajibu, "Shangazi amefariki. Aligongwa na gari akitoka jikoni." Wakacheka. Muuza mapanki aliyenieleza alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hakujua ashike lipi.

Baada ya shangazi alimwondoa babu. Mtoto wa kwenye picha akawa mtoto tu, anamtukana baba yake tu. Na watu hawakutoka tena. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko Deus mwenyewe. Wale waliosimama kipindi kile wakashika watoto wao mikono, sasa walikuwa wamekaa, na watoto wao wamekaa, wanangojea tusi linalofuata. Sijui ni lini hasa mtu anaacha kusimama.

Kisha akaona majina ya mbali hayachekeshi sana. Akaanza na kinyozi, akaenda kwa mchungaji, halafu akafika kwangu. Mama wa kwenye kichekesho, yule wa nywele za njano anayechoma chakula, aliyemsahau mtoto wake dukani akarudi nyumbani na mkate, Deus akampa jina la Mama Neema. Watu walinifahamu, walikuwa wamenisikiliza miaka. Bombani wakaanza kuniuliza, "Leo umeunguza nini, mama?" Mimi nakinga maji.

Nilikwenda kwake nikiwa na mtoto mchanga mkononi. Nilimkuta anarudisha kanda nyuma.

"Deus, toa jina langu."

"Dada, ni utani tu."

"Utani na nani? Wewe ni mjukuu wangu? Ni shemeji yangu? Kwenu na kwetu tuna utani gani?"

Alifikiri, bila aibu. "Nikisema jina la Mzungu hawacheki," alisema. "Nikisema wewe wanacheka. Sasa unataka nifanyeje?"

Nikaenda kwa tajiri. Tajiri alinielekeza nichungulie dirishani nione ukumbi ulivyojaa. Huo ndio ulikuwa utetezi wake wote. Kuhusu kurudi kwangu kazini alisema tutazungumza mtoto akiacha ziwa. Nikaelewa nimeshastaafu.

Neema alikuwa anakaribia kuanza shule. Nilimkataza ukumbi, lakini spika iko juu ya mti, na huwezi kumkataza mtoto mti. Jioni moja baba yake alirudi kutoka kiwandani, akaketi, akaomba maji. Neema akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia, "Wewe baba ni mzembe, hata kiti kimekuchoka." Kisha hakukimbia, hakuogopa. Alisimama palepale, ametulia, anaangalia dirishani.

Baba yake akamwuliza anangoja nini.

"Nangoja wacheke."

Mume wangu hakumpiga. Aliweka kikombe chini akatoka nje. Mimi nikamkalisha Neema nikamweleza kwamba pale dirishani hakuna mtu, hajawahi kuwepo mtu. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Lakini mama, wewe ndiye uliyesema wapo." Tulikuwa tumefika hapo, na bado nilikuwa navumilia. Nilisema yatapita. Kisha nikawaambia akina mama wa bombani kwamba mama mkwe anakuja kutoka Misungwi kumwona mtoto, na maneno ya bombani hayana mlango. Wiki hiyo Deus akapata kanda ambamo mama mzaa mume anakuja kutembea na mke hamtaki.

Nilimkuta mama mkwe nyumbani amekaa nje juu ya jiwe la kufulia. Hakutaka kuingia. Nikapiga magoti nikamwamkia upya, shikamoo mama. Hakuitikia. Katika miaka yote ya ndoa yangu, kwa ugomvi na kwa amani, yule mama hakuwahi kuninyima marahaba.

"Yule kijana ananijuaje?" aliuliza.

Nikamweleza. Nikamweleza kanda, dishi, kutafsiri, kwamba maneno ni ya Mzungu na mtafsiri anaongeza chumvi.

"Picha ya Wazungu ina Misungwi ndani?"

Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamweka mapajani.

"Mdomo ule ulikuwa wako kabla haujawa wake," alisema. "Mimi nimekula kwako kama trekta lini?"

Alifikiri nimemtuma. Alifikiri hayo ndiyo ninayoyasema nikiwa na wenzangu, na Deus ameyaokota. Ukimsikiliza vizuri, utaona alikuwa na sababu. Mtu angejuaje? Kisha Neema akatoka ndani akamwona bibi yake, akamwamkia, na bibi akamwuliza kama anasoma vizuri. Neema akaweka mikono kiunoni. Sikumwacha afike mwisho, lakini mwanzo ulitosha. Asubuhi yake mama mkwe aliondoka na Neema. Mume wangu alisema, "Mwache akapumzike kule kwanza, Mama Neema," akiangalia chini. Mtoto ni wao, ng'ombe walitoka kwao. Hakuna aliyepaza sauti.

Nilimfuata Misungwi. Nilipofika nilikaribishwa kiti. Usipojua maana yake nitakueleza: mke wa mji ule hapewi kiti, anashika jembe au mwiko au ndoo. Kiti ni cha mgeni. Nilikaa juu ya kiti kile kama nimepigwa msumari, nikaletewa chai, wifi zangu wakapita na maji bila kuniomba niwasaidie. Neema alikuja kunisalimia, akapiga goti, akaondoka. Alikuwa amekonda usemi. Mama mkwe akaniambia neno moja tu la maana: mtoto atarudi siku yule kijana aliyemtukana atakapokuja mwenyewe, aketi, aseme ni nani alimtuma.

Nikarudi Mwanza kwa Deus. Hakukataa. Alisema kwenda Misungwi ni mbali na ana kipindi kila siku, lakini atasema kwenye kipaza sauti Jumamosi, ukumbi ukijaa, kwamba Mama Neema wa kwenye televisheni si mimi. Tajiri akaona ni wazo zuri sana, akataka na mimi niwepo, nikae pembeni. Nilimwangalia usoni nikaona tayari anahesabu mabenchi. Nikakataa. Neno likishapita kwenye kile chombo linatoka likiwa kichekesho, hata uliapie.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mtu wa heshima, alinisikiliza mpaka mwisho, akauma mdomo, lakini nilipofika kwenye trekta akashindwa kujizuia. Akaniomba radhi, akanielekeza Baraza la Kata.

Katibu wa baraza hakucheka. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, akaniuliza maswali kwa utulivu. Mlalamikiwa nani? Deus. Alikutukana wewe? Hapana, alimtukana mama mkwe wangu. Basi mama mkwe wako ndiye alalamike. Hapana, kwa sababu aliyemtukana ni mimi. Akavua miwani. "Mama, nisaidie niandike kosa." Nikamwambia andika kwamba ameniweka ndani ya nyumba ambayo si yangu. Akasema kosa hilo hana. Akaniuliza kama nataka fidia, nikasema hapana, akaonekana kuchoka zaidi, maana fidia angejua pa kuiandika. Aliniambia walalamikaji wa namna yangu hawashindi, tena wataitwa mashahidi, na mashahidi wote ni watu waliocheka. Lakini haki ya kupeleka lalamiko ninayo. Akanipa karatasi na kalamu, akanionyesha meza ya pembeni. Niliandika haya, akayagonga muhuri mbele yangu:

"Kwa Katibu, Baraza la Kata.

Mimi ni mkazi wa Igogo, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, mtafsiri wa video mstaafu. Ninamlalamikia Deus, mtafsiri wa video wa sasa, kwa kumtukana mama mkwe wangu kwa jina langu, kwenye spika, mama mkwe akiwa amesimama barabarani na mzigo kichwani. Maneno hayo sikuyasema, sikuyatuma, sikuyawaza.

Kwa sababu ya maneno hayo, mtoto wangu wa kwanza amechukuliwa.

Sidai fedha. Sitaki ukumbi ufungwe, najua hautafungwa. Naomba Baraza limwamuru Deus aende Misungwi kwa miguu yake, bila kipaza sauti, aketi chini mbele ya mama mkwe wangu, na amwambie kwamba maneno yale aliyatunga yeye. Asiongeze chumvi. Asiige sauti ya mtu. Akimaliza, asubiri mpaka mama mkwe aseme neno, hata kama atachelewa kusema. Na asiende na mtu wa kucheka.

Katibu ameniambia niweke hapa jina langu la cheti. Nimelikataa, kwa sababu hilo hakuna aliyeligusa. Lililochukuliwa ni hili ninalotia sahihi, na mwenye kunipa jina hili yuko Misungwi, namhitaji arudi ili niitwe.

Mlalamikaji,
Mama Neema."